Ghala la Chini ya Tuta

Asubuhi ile Bwana Bwawa alikuwa na vitu viwili mifukoni. Mfuko wa kulia ulikuwa na ufunguo wa kufuli jipya, na wa kushoto ulikuwa na pakiti ya pipi. Alisimama barazani kwake akampokea mkaguzi kwa tabasamu pana la mtu asiye na la kuficha.

Jina la Bwana Bwawa alipewa na majirani kwa kutaniwa, naye akalipokea kwa mikono miwili. Bwawa lilikuwa lake kweli, si la serikali wala la ushirika. Miaka ishirini na minne iliyopita, yeye na marehemu mkewe walikikinga kijito kilichopita shambani mwao. Walisomba udongo wa mfinyanzi kwa mkokoteni, wakaumwaga tabaka juu ya tabaka, na juu ya kila tabaka wakaswaga ng'ombe kwenda na kurudi mpaka udongo ukashikamana. Tuta likainuka kupita paa la nyumba. Mkewe hakuwahi kumla samaki hata mmoja wa bwawa lile, na tangu alipofariki, mtu akilisema vibaya tuta, Bwana Bwawa alisikia mkewe ndiye anayesemwa.

Kwa hiyo lile neno "Kundi la Tatu" lilimkaa kooni miaka yote. Faili ya ofisi ya maji ilisema bwawa lake ni Kundi la Tatu, naye, kwa akili zake za darasani, akadhani ni kama matokeo ya mtihani: wa kwanza, wa pili, na yeye huko mkiani na mabwawa ya ovyo yanayovuja kama kikapu. Mwaka huu uzalendo ukamshinda. Akaandika barua ndefu yenye hasira, akidai bwawa lake lipandishwe hadi Kundi la Kwanza, na kama hawaamini waje wenyewe walikague.

Walimjibu. Barua ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitaja tarehe ya ukaguzi na kumshukuru kwa ushirikiano wake. Ukurasa wa pili ulieleza, kwa upole kabisa, kwamba makundi hayapimi uzuri wa tuta. Yanapima kilicho chini yake. Bwawa likipasuka leo, nani atakufa? Kama hakuna, ni Kundi la Tatu. Kama ni watu, ni Kundi la Kwanza, na mmiliki atatakiwa kupunguza maji hadi nusu mara moja, mpaka mhandisi aridhike. Asiporidhika, tuta litabomolewa.

Bwana Bwawa aliusoma ukurasa ule mara tatu. Alikuwa amejipeleka mwenyewe.

Maana hatua mia mbili chini ya tuta, kwenye bonde, lilisimama ghala. Kwenye faili ya zamani liliandikwa hivyo hivyo, ghala la mahindi, na zamani lilikuwa ghala kweli: kuta za matofali, vidirisha vya nondo juu karibu na paa, mlango mmoja wa mbao nzito. Lakini miaka mitatu iliyopita binti yake wa pekee alirudi nyumbani baada ya kiwanda alichofanyia kazi kufungwa, akaliomba. Akalipaka rangi, akatandika mikeka, akaanza kuwalelea majirani watoto wao wanapokwenda vibaruani. Alianza na wanne. Sasa walikuwa kumi na tisa, wa miaka mitatu hadi mitano, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata baba yake mzazi.

Mwalimu alionyeshwa ukurasa wa kwanza tu. Wa pili baba yake aliukunja mara nne na kuuficha chini ya godoro. Akamwambia bintiye kwamba mkaguzi anayekuja ni mtu mkorofi, akikuta shule haina cheti atawaita watu wa elimu waifunge. Cheti hakikuwepo kweli, ndiyo maana uongo ule ulipita kirahisi. Wakakubaliana. Bembea ikashushwa, kibao cha shule kikatolewa, picha za wanyama ukutani zikafunikwa kwa magunia. Mwalimu na watoto wangekaa ndani kimya, mlango ufungwe kwa kufuli kwa nje kama ghala lolote lile. Bwana Bwawa aliwaeleza watoto mwenyewe kwamba ni mchezo: kidole mdomoni, hakuna kusema, na atakayeweza kunyamaza mpaka Babu afungue mlango atapata pipi.

"Dakika arobaini, baba," Mwalimu alimwambia kabla hajaufunga mlango. "Zaidi ya hapo siwezi kuwazuia."

Akafunga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo na ilikuwa imekata alfajiri ile tu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye buti za mpira na fimbo ndefu iliyochorwa vipimo. Begani alining'iniza mkoba wenye chupa tupu za kioo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na chai aliyokaribishwa aliikataa kwa adabu. Alifungua faili pale pale barazani, akashika kalamu.

"Mzee, huku chini ya bwawa kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ghala la mahindi tu, kama ilivyoandikwa humo."

Akaandika. Bwana Bwawa akaona kwamba uongo si kazi ngumu kama inavyosemwa.

Walianzia kwenye kitako cha tuta. Hapo palikuwa na mchirizi mwembamba uliotoka udongoni, unene wa kidole, na Bwana Bwawa alijivunia hata huo. Alizoea kuyakinga maji yake kwa kiganja na kuyanywa mbele ya wageni. Mkaguzi hakunywa. Alijaza chupa moja, akaiinua kuelekea mwangani. Maji yalikuwa maangavu. Akamweleza kwamba kila tuta la udongo huvuja kidogo, na yakivuja maji safi si kitu cha kumkosesha mtu usingizi. Yakivuja na tope, hapo tuta linaliwa kwa ndani, udongo wake unatoka punje kwa punje mpaka linabaki ganda. Akaiandika chupa ile saa, akairudisha mkobani.

Kisha, badala ya kupanda juu kama alivyotarajiwa, akateremka moja kwa moja hadi ghalani.

Bwana Bwawa alimfuata akichechemea. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu alipoangushwa na mkokoteni, na kwenye utelezi lilimgeuza kuwa mzee kuliko umri wake. Alipomfikia, mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya mlango akilitazama lile kufuli linalometameta.

"Kufuli zuri hili kwa ghala."

"Wezi, mama. Siku hizi wanaiba hata magunia matupu."

Mkaguzi akainama. Aliponyanyuka alikuwa ameshika ndala moja ya manjano, ndogo, ya mguu unaoenea kiganjani. Bwana Bwawa akasema ni ya mtoto wa jirani, mbwa ndio wenye tabia ya kubeba vitu na kuvitupa popote. Na hapo hapo, ndani ya ghala, mtu mdogo akakohoa.

Bwana Bwawa akakohoa. Alikohoa kwa kifua chote, akajipiga mgongo, akalaani vumbi, na siku hiyo, baada ya siku tisa za mvua, vumbi halikuwepo hata la dawa. Mkaguzi alimsubiri amalize.

"Kwa hiyo humu hakai mtu."

"Hakai mtu."

Mkaguzi akaiweka ndala juu ya jiwe kando ya mlango, kwa uangalifu, kama kitu ambacho mwenyewe atakuja kukichukua. Ndani palikuwa kimya kabisa. Watoto kumi na tisa, na hakuna aliyepumua kwa sauti. Bwana Bwawa aliwaonea fahari kwa sekunde moja, halafu akajionea aibu. Aibu ile akaimeza.

Wakapanda juu ya tuta. Bwawa lilikuwa limejaa kuliko siku zote, maji yakiramba udongo viganja viwili tu chini ya ukingo. Mkaguzi alipima kwa fimbo, akapima tena, kisha akatembea haraka kuelekea upande wa pili, kwenye utoro wa maji, yaani ule mfereji mpana wa pembeni unaotoa maji yanayozidi ili yasilipande tuta. Alipoufikia akasimama kama aliyeona nyoka.

Mfereji ulikuwa umezibwa kwa wavu wa seng'enge kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye wavu yalikuwa yamenasa magugu, matawi, majani ya siku tisa, yakashikana kama godoro. Maji yaliyopita hapo yangeweza kujaza ndoo, si zaidi.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi. Samaki walikuwa wanatoroka, mama. Mvua kubwa ikija napoteza samaki mia mbili kwa siku."

Akamwambia autoe leo, sasa hivi. Bwana Bwawa akaanza kujitetea. Alieleza bei ya vifaranga vya samaki, na umbali alikovitoa, na jinsi tuta lake lilivyo imara, ng'ombe walivyolikanyaga, mkewe alivyo... Mkaguzi alimkata.

"Mzee, umeziba pua halafu unajisifia kifua."

Kisha akasema jambo ambalo Bwana Bwawa hakulipa uzito: kwamba yeye huchukua chupa mbili kila anapokagua, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, na akishachukua ya pili atasaini faili na kuondoka. Bwana Bwawa alipiga hesabu ya dakika. Zilikuwa zimepita thelathini na tano. Akashusha pumzi.

Waliteremka. Wakiwa bado mbali Bwana Bwawa aliona kwamba mchirizi wake si mchirizi tena. Ulikuwa unene wa mkono. Mkaguzi alipiga magoti kwenye tope, akajaza chupa ya pili, akaitoa ile ya kwanza na kuziweka sambamba. Ya kwanza ilikuwa kama hewa. Ya pili ilikuwa kama chai ya maziwa.

Mkaguzi aliinuka, akamgeukia.

"Linaliwa," alisema. "Inaweza kuwa saa moja, inaweza kuwa dakika kumi. Nijibu sawasawa, mzee. Kuna mtu yeyote huku chini?"

Sasa hapa ndipo mtu anapojulikana. Bwana Bwawa alikuwa na ufunguo mfukoni, na mwanawe wa pekee alikuwa nyuma ya kufuli, na simu yake Mwalimu alikuwa ameizima ili isilie. Alijua yote hayo. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja tangu asubuhi, na akilini mwake, kwa kasi ya ajabu, ikapita hila: ateremke peke yake, afungue, awatoe kwa nyuma kupitia vichakani, na huyu mama asijue kitu.

"Hakuna," akasema. "Ila nina jembe langu mle ghalani. Ngoja nilifuate."

Mkaguzi alimkamata mkono. "Jembe? Achana na jembe. Panda juu kilimani, twende."

Akamvuta. Bwana Bwawa akajaribu kujichomoa kuelekea chini, akapiga hatua moja, mbili, na goti likamkatalia. Aliangukia kiganja. Alipoinua uso aliona hatua mia mbili za utelezi kati yake na mlango ule, akajua, kama anavyojua jina la mama yake, kwamba hafiki.

Aliuchomoa ufunguo akauinua.

"Mle ndani kuna watoto," akasema. "Kumi na tisa. Na binti yangu. Nimewafungia."

Mkaguzi hakuuliza kwa nini. Alimnyang'anya ufunguo na kuteremka mbio, fimbo na mkoba vikibaki kwenye tope, buti zake zikirusha maji. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Bwana Bwawa alijikokota kwa mikono na goti moja hadi kwenye utoro, maana kupanda kwa kushika nyasi za tuta aliweza, kuteremka kwenye utelezi hakuweza. Aliushika wavu kwa vidole. Seng'enge aliifunga mwenyewe, tena kwa ufundi, nyaya zimezungushwa mara sita sita kwenye kila nguzo, na sasa alijilaani kwa kila mzunguko. Alifungua, akavuta, akang'ata kwa meno. Damu ilimchuruzika mpaka viwikoni. Upande mmoja ulipoachia, godoro lile la magugu likajikunja na maji yakapita kwa kishindo, na samaki nao, mamia, wakimgonga vifundoni wakienda zao. Hakuwatazama. Alikuwa akitazama bondeni.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, mkaguzi akiwa mbele akiwaongoza kwenye njia ya kilimani. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeita mama. Bwana Bwawa alikaza macho, na alipoelewa anachokiona akakaa majini. Kila mtoto alikuwa na kidole mdomoni. Bado walikuwa kwenye mchezo wa Babu.

Akawahesabu. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Mstari ukakatika. Mlango ulibaki mtupu muda ambao yeye mpaka leo hawezi kuusema ulikuwa wa kiasi gani. Halafu Mwalimu akatoka akiwa amembeba yule wa kikohozi, mguu mmoja wa mtoto ukiwa na ndala na mwingine hauna, akapanda nyuma ya wenzake bila kukimbia, kwa sababu angekimbia nao wangekimbia na kuanguka.

Walikuwa wamepita kisiki kilicho nusu ya kilima pale tuta lilipotoboka kitakoni. Tundu lilianza kama la fuko, likawa kama mlango, kisha sehemu ya juu ikaketi chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Maji yakapita yote kwa pamoja. Yalilifikia ghala kwa muda wa kufumba na kufumbua. Paa lilielea kidogo, likageuka, halikuonekana tena.

Kama kuufungua wavu kuliongeza dakika mbili au hakukuongeza kitu, hilo hakuna anayejua, na mkaguzi alipoulizwa baadaye alisema hawezi kulisemea.

Bwana Bwawa alizunguka kwa juu, akawafikia. Watoto walikuwa wameketi kwenye nyasi katika duara, vidole midomoni, wakimtazama. Mmoja, mwenye pengo la meno mbele, alimvuta suruali akamnong'oneza kwamba hakuna aliyesema, Babu, hata mmoja. Bwana Bwawa akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto.

Mwalimu alikuwa amesimama kando na mkaguzi. Tayari alikuwa amesimuliwa, labda si yote. Uso wake haukuwa na hasira ambayo baba yake alijiandaa kuipokea, na hilo lilimtisha zaidi.

"Baba, alikuuliza mara ngapi?"

Mkaguzi aligeuza uso akawa anatazama bonde. Angetaka, angemjibia, na pengine angempunguzia. Hakufanya hivyo.

"Tatu," Bwana Bwawa akasema.

"Na ya tatu ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nakwenda kufuata jembe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayepokea hesabu aliyokwisha kuifanya mwenyewe. Mkaguzi akafungua faili, kurasa zimelowa na kushikana. Akasema kwa sauti ya kazi kwamba hata hivyo ni lazima ijazwe, na kwamba pale penye idadi ya watu walio chini ya bwawa anahitaji kauli ya mmiliki.

"Ishirini," Bwana Bwawa akajibu. Akamwona akikata "Tatu" na kuandika "Kwanza".

Pakiti ya pipi ilikuwa mkononi mwake, imelowa damu na maji. Alianza kuipasua. Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya mkono wake, akauzuia.

"Usiwape, baba."

Akawageukia watoto. Akawaambia mchezo umekwisha, watoe vidole, wapige kelele wanavyotaka. Hawakuvitoa. Wote kumi na tisa walimgeukia Babu, kwa sababu yeye ndiye aliyeuanzisha, na walikuwa watoto wasikivu.

"Semeni," Bwana Bwawa akawaambia. "Semeni, wanangu. Babu alikosea."

Yule mwenye pengo ndiye aliyeanza. Kisha wote wakapaza sauti kwa pamoja, za vicheko na za vilio zikichanganyika, zikasikika bonde zima, huko chini ambako maji yalikuwa bado yanapita.